Nani Anashika Mizani?
Uhakiki wa mafunzo ya stadi na ujasiriamali katika ukanda wa dhahabu, Shinyanga na Geita

Hakuna jambo linaloafikiwa na watu wote katika mikoa ya Shinyanga na Geita kama hili la kuwapa vijana stadi za kazi. Serikali inasema hivyo, Chama kinasema hivyo, makampuni ya migodi yanasema hivyo, na mabenki na wafadhili wanasema hivyo hivyo. Panapotokea mwafaka wa namna hii kati ya mwenye mgodi na mtu asiye na hata sururu yake mwenyewe, kada hana budi kusimama na kuuliza: je, sote tunazungumza jambo moja?

Sisi tunaona kwamba hatuzungumzi jambo moja. Makala hii haipingi mafunzo. Nchi yetu ilitangaza tangu uhuru kwamba ujinga ni adui, na adui huyo hajafa. Tunachokihakiki ni fikra iliyojificha ndani ya mafunzo mengi yanayotolewa leo katika ukanda wa dhahabu, yaani kwamba mwananchi wa kijijini ni maskini kwa sababu hajui, na akishajua umaskini utamtoka. Fikra hiyo inataja upungufu wa mtu mmoja mmoja na kunyamaza juu ya mahusiano ya uzalishaji. Inamwuliza kijana, "Unajua nini?" Haimwulizi, "Nyenzo unazofanyia kazi ni za nani, na nani anayepima kile ulichozalisha?"

Somo la mizani ya pamba

Usukumani lipo somo la kihistoria ambalo kila mwanafunzi wa itikadi anapaswa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wanauza mazao yao kwa wanunuzi binafsi. Mkulima alilima, alipalilia, alichuma, akabeba mzigo wake hadi kwenye ghala la mnunuzi. Pale alikuta mizani asiyoijua kusoma, ikishikwa na mtu ambaye faida yake ilitokana na kuisoma vibaya. Wakulima wakajipanga, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito kabla pamba haijauzwa.

Tuitazame hatua hiyo kwa makini. Stadi waliyoitaka wakulima ilikuwa ndogo: kusoma mizani na kuandika tarakimu. Hata hivyo ilikuwa imegusa mahali hasa unyonyaji ulipokuwa unafanyika. Tena haikuletwa na mtaalamu wa semina. Ilidaiwa na wakulima wenyewe kutokana na mapambano yao. Wala haikubaki mali ya mpimaji mmoja aliyejitafutia riziki. Ilikwenda pamoja na jumuiya. Mwaka 1955 vyama vya msingi na muungano wao vikafikia kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo jina la Paul Bomani haliwezi kutengwa nalo. Ushirika ule ukawa na vinu vyake wenyewe vya kuchambulia pamba, na ndani ya vinu hivyo na maghala hayo watoto wa wakulima walijifunza ukarani, uhasibu, ufundi wa mitambo na uendeshaji wa shughuli kubwa. Kabla ya miaka 10 kupita, ulihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika wa Waafrika.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya uhakiki wetu: stadi hukua panapokuwa na nyenzo za kuitumia na umoja wa kuilinda. Ikikosekana mojawapo, stadi hunyauka.

Kanuni hii ilithibitishwa pia kwa njia ya uchungu, na hatuna sababu ya kuficha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Kulikuwa na kasoro nyingi katika vyama vile, zikiwemo wizi na upendeleo. Lakini dawa iliyotumika ilimwondoa mkulima kwenye chombo alichokijenga mwenyewe. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 vyama vya mikoa kama SHIRECU ya Shinyanga vikaanza kazi. Lakini chombo kilichorudishwa kwa amri kutoka juu hakikuwa kile kilichozaliwa kutoka chini. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, vyama hivyo vilikutwa na madeni na uongozi dhaifu. Mkulima akarudi kwenye mizani ya mtu mwingine.

Mgodi kama kisiwa

Tutazame sasa upande wa madini. Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, ulijengwa kama mji ndani ya uzio. Geita palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ulirudi baada ya milango kufunguliwa kwa mitaji ya nje na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 kupitishwa: Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009.

Kabla ya kuja kwa makampuni hayo, Bulyanhulu palikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo. Mwezi Agosti 1996 waliondolewa ili kupisha mwekezaji. Katika mjadala wote wa haki na fidia uliofuata, jambo moja halikupewa uzito wake. Watu wale walikuwa na stadi. Walijua kufuata mkondo wa mwamba, kutambua jiwe lenye dhahabu kwa rangi na uzito, kuchimba duara na kuliegemeza kwa magogo. Ujuzi huo una mapungufu makubwa, hasa ya usalama, na wengi wameufia. Hata hivyo ni ujuzi, na ndio msingi ambao mwalimu yeyote makini angeanzia. Badala yake, siku walipoondolewa walihesabiwa kuwa watu wasio na ujuzi, na watoto wao ndio wanaoitwa leo kwenye semina za "kuwajengea uwezo".

Buzwagi inatupa hesabu nyepesi lakini nzito kwa maana. Mgodi ule ulianza uzalishaji 2009 ukafungwa mwaka 2021. Mtoto wa Kahama aliyeingia darasa la kwanza mwaka uliofunguliwa mgodi alikuwa bado yumo katika masomo ya kidato cha tano na sita wakati unafungwa. Yaani umri wa mgodi ulikuwa mfupi kuliko safari ya mtoto mmoja shuleni! Kwa hiyo anayepanga mafunzo ili "vijana wa hapa waajiriwe na mgodi" anapanga kwa ajili ya mwajiri ambaye huenda asiwepo siku cheti kinapotolewa. Mpango wa kuligeuza eneo la Buzwagi kuwa ukanda maalumu wa viwanda ni wazo jema. Lakini ulipaswa kuanza siku ya kwanza ya mgodi, na swali la stadi gani zitabaki Kahama lilipaswa kuulizwa kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa.

Tukumbuke pia kwamba mafunzo yaliyosifiwa zaidi ya kuandaa mafundi wa migodi mikubwa, yaliyoanzishwa na makampuni pamoja na VETA mwishoni mwa miaka ya 2000, yaliwekwa katika chuo cha VETA Moshi. Chuo kile kilikuwa na karakana na walimu, na sababu hiyo ina uzito wake. Lakini dhahabu inachimbwa Geita na Kahama. Fundi mchomeleaji, fundi umeme na fundi mitambo wanapofundishwa mbali na ukanda wa dhahabu, karakana na walimu nao hubaki mbali, na kijiji kinachopokea vumbi la mgodi hakipokei chuo chake. Ujenzi wa vyuo vya ufundi stadi katika kila wilaya, unaoendelea tangu miaka ya 2020, unaweza kusahihisha upungufu huo, endapo vyuo hivyo vitafundisha kulingana na uchumi wa mahali vilipo.

Ujasiri upo, mali iko wapi?

Tuingie sasa kwenye neno lenyewe. "Ujasiriamali" ni neno lililoenea pamoja na uchumi wa soko, nalo limeundwa kwa maneno mawili: ujasiri na mali. Wenye semina hufundisha nusu ya kwanza. Huwaambia vijana wathubutu, waamke, waache kulalamika, wabadilishe mtazamo. Lakini kijana anayeteremka kwenye duara la Nyarugusu kwa kamba, akiwa na tochi kichwani na hana hakika kama ukuta utamvumilia hadi jioni, anakosa ujasiri gani? Mama anayekaa juani kutwa akiponda mawe kwa nyundo huku mtoto yuko mgongoni, aambiwe athubutu nini zaidi? Ujasiri katika ukanda wa dhahabu ni mwingi kupita kiasi. Kilichopungua ni nusu ya pili ya neno.

Tufuate jiwe moja kutoka duarani. Wachimbaji wanalitoa. Mifuko ya mawe inagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara au mfadhili wake, na wachimbaji. Mchimbaji anapeleka mgawo wake kwenye karasha, unasagwa kwa malipo, kisha unaoshwa kwenye mwalo na kukamatishwa kwa zebaki. Njia hii ya zebaki mara nyingi hutoa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe. Nyingine inabaki kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio. Na marudio hayo, kwa desturi ya sehemu nyingi, hubaki kwa mwenye karasha au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye mtaji wa kujenga matenki ya kuchenjulia kwa sianidi ndiye anayeyachukua, akatoa ile dhahabu iliyobaki.

Basi, nani amefaidi ujuzi hapa? Mchimbaji amechimba, amebeba, amevuta mvuke wa zebaki unaoharibu mishipa ya fahamu, akaondoka na sehemu ndogo. Mwenye matenki hakuingia shimoni, lakini anajua mambo mawili: kiasi cha dhahabu kilichobaki kwenye marudio, na namna ya kuitoa. Hapa ujuzi umekuwa mpaka kati ya tabaka moja na jingine. Na sasa tazama semina ya ujasiriamali inayokuja katika kijiji hicho hicho: inafundisha kutengeneza sabuni ya maji, batiki na kufuga kuku!

Hatudharau sabuni wala kuku. Lakini tuseme kijiji kina vikundi kumi, na vyote vimefundishwa kutengeneza sabuni ile ile, kwa malighafi ile ile inayonunuliwa dukani, kwa wateja wale wale. Je, matumizi ya sabuni ya kijiji yameongezeka mara kumi? La hasha. Kilichoongezeka ni ushindani wa maskini na maskini. Mkufunzi ameondoka na ripoti yake, vikundi vimebaki na madumu yasiyonunuliwa, na baada ya miezi michache inasemekana wananchi "hawana moyo wa biashara". Hivyo ndivyo kasoro ya mpango inavyogeuzwa kuwa tabia ya mtu.

Stadi inayogusa unyonyaji ni ipi katika mazingira haya? Ni kuchukua sampuli ya mawe na kupima kiasi cha dhahabu kilichomo kabla ya kugawana mifuko. Ni kupima marudio kabla ya kuyaacha. Ni kusoma mkataba wa mfadhili. Ni kukokotoa usafi wa dhahabu. Tutoe mfano wa hesabu. Mchimbaji ana gramu 10 zenye usafi wa asilimia 85. Hizo ni gramu 8.5 za dhahabu safi. Mnunuzi wa kichochoroni akikadiria kwa jicho kwamba usafi ni asilimia 80, analipa gramu 8. Nusu gramu imepotea bila kelele. Akiuza hivyo mara 20, mchimbaji amempa mnunuzi gramu 10 za dhahabu safi bure. Hii ndiyo mizani ya pamba ya miaka ya 1950 iliyorudi katika sura mpya.

Ndiyo maana tunayahesabu masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia mwaka 2019, Geita likiwa la mwanzo, kuwa hatua ya kimaendeleo kuliko semina mia. Yameweka hadharani mizani, kipimo cha usafi na bei. Kuondolewa kwa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo mwaka huo huo kuliwapa sababu ya kuyatumia. Vituo vya mfano vya uchenjuaji bila zebaki vya Lwamgasa na Katente, chini ya STAMICO, navyo ni shule halisi, maana mchimbaji anaona kwa macho yake dhahabu aliyokuwa anaitupa. Lakini kazi haijakamilika. Mchimbaji aliyekwisha kula fedha za mfadhili hafiki sokoni. Dhahabu yake imeuzwa kabla haijatoka shimoni. Soko la haki linahitaji mikopo ya haki nyuma yake.

Makosa ya upande wa pili

Baadhi ya makada wanaosoma uhakiki wa namna hii huruka hadi kosa la pili. Husema: mafunzo ni porojo, wapeni wananchi maeneo na leseni, mengine yatajipa. Hapana. Vipo vikundi vilivyopata leseni ndogo za uchimbaji vikakosa mtu wa kutunza daftari, wa kusoma ramani, wa kuandaa taarifa za usalama na mazingira. Matokeo yake leseni hubaki na jina la kikundi huku eneo likiendeshwa na mfadhili kutoka mjini, na viongozi wawili watatu wakila ada ya kukodisha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyowekwa kisheria mwaka 2018, ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro zake, vikiwemo vikundi hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mwingine. Nyenzo bila stadi huangukia mikononi mwa mwenye stadi. Umoja bila hesabu za wazi huwa ngazi ya wajanja.

Kosa lingine ni la kudhani kwamba neno "mzawa" linatosha. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini ni za haki. Lakini Mtanzania mwenye ghala Mwanza au Dar es Salaam naye ni mzawa. Akiuza mgodini mboga, mayai na sare, sheria imetimizwa, na mkulima wa Msalala au Geita amebaki mtazamaji. Ili mkulima huyo auze, anahitaji ushirika unaokusanya mazao ya wengi, unaotimiza ubora unaotakiwa, na wenye akiba ya kuwalipa wanachama wakati hundi ya mgodi inasubiriwa. Mtu mmoja mwenye cheti cha ujasiriamali hawezi kuyabeba haya peke yake.

Shule nayo ihakikiwe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja. Katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu au chanzo cha mapato tu, na mwanafunzi hakujifunza kwa nini mbegu hii imezaa na ile haikuzaa. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini mkondo huo ukifanywa jalala la watoto wanaohesabiwa kuwa wazito, kosa la zamani litarudi likiwa na jina jipya.

Mfano uliofanikiwa nao tunao. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao miti ilikuwa imefyekwa na ardhi kuchoka. Baada ya muda wataalamu walitambua kwamba Wasukuma walikuwa na stadi yao ya kale, ngitili, ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Mpango ukajengwa juu ya ujuzi huo, sheria ndogo za vijiji zikalinda maeneo, na familia na vijiji vikabaki wenye mali. Mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na uoto. Stadi, nyenzo na umoja vilikutana, na ardhi yenyewe ikatoa ushahidi.

Wajibu wetu

Kutokana na haya, tunapendekeza kwamba kada au mwanafunzi yeyote anayeletewa mpango wa mafunzo katika ukanda huu auulize maswali manne.

Kwanza, mafunzo yakiisha, nyenzo zitabaki kwa nani? Pili, stadi hiyo itaishi siku mgodi utakapofungwa? Tatu, bidhaa itauzwa wapi, na nani anapanga bei yake? Nne, ni chombo gani cha wananchi wenyewe kitakachotunza hesabu, na je, kila mwanachama anaweza kuzisoma?

Mpango unaoshindwa maswali haya usipokewe kwa vigelegele kwa sababu tu umeleta mabango na posho. Fedha za uwajibikaji wa makampuni kwa jamii zinasimamiwa kisheria pamoja na halmashauri. Kwa hiyo madiwani na kamati za Chama za kata hawana kisingizio cha kusema uamuzi ulikuwa wa kampuni. Wadai karakana kabla ya kongamano. Wadai maabara ya kupima sampuli inayomilikiwa na ushirika wa wachimbaji, na vijana wa kijiji wafundishwe kuiendesha. Wadai nafasi za uanagenzi ndani ya migodi mikubwa kwa fani zinazohitajika pia nje ya uzio: uchomeleaji, umeme, pampu, uhasibu.

Mkulima wa pamba wa miaka ya 1950 hakusubiri aambiwe kwamba ni mjasiriamali. Alitaka kujua uzito wa mzigo wake, akajiunga na wenzake ili aujue. Mchimbaji wa Lwamgasa na mama mponda mawe wa Nyarugusu wanastahili haki hiyo hiyo, na mafunzo yoyote yasiyowafikisha kwenye mizani hayajaanza.